Dawa, sindano au upasuaji: mwongozo kamili wa kutibu unene uliopitiliza

Mwili hauna habari kwamba umeamua kupungua. Ukipoteza kilo 15, wenyewe unajua njaa imeingia, na unajihami. Ghrelini, homoni ya njaa itokayo zaidi kwenye mfuko wa chakula, hupanda. Leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta na kuupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo, hushuka. Matumizi ya nishati nayo hubanwa kuliko uzito mpya unavyodai. Ndiyo sababu wengi hupungua, na wengi hao hao hurudi walikotoka, kisha husingiziwa uvivu.

Kwa hiyo ugonjwa huu wa unene hutibiwa kama presha. Mwenye presha hatupi vidonge siku kipimo kinaposoma vizuri, maana anajua kinasoma vizuri kwa sababu ya vidonge. Kila tiba utakayoikuta hapa chini iulize maswali mawili: itashusha kilo ngapi, na mwaka wa tatu itakuwa bado inafanya kazi au nitakuwa nimeiacha? Swali la kwanza kila mtu huliuliza. La pili husahaulika, na ndilo linaloamua.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 98 mwenye urefu wa mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72, na 98 ukigawanya kwa 2.72 unapata 36. Hiyo ndiyo BMI. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, 35 ni daraja la pili, 40 na kuendelea ni daraja la tatu. Kwa watu wenye asili ya Asia, hatari huanza mapema zaidi, hivyo madaktari hushusha mipaka hiyo kidogo.

BMI haitofautishi msuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi. Ongeza utepe wa kupimia kiuno. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, huenda mafuta yamezunguka ini na kongosho, na hayo ndiyo mabaya.

Halafu vipimo: presha, sukari (hasa HbA1c, inayoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu), mafuta ya damu, ini, figo na tezi ya shingo. Muulize unayelala naye kama unakoroma kisha pumzi inakatika. Kukatika pumzi usingizini ni ugonjwa kamili, huongeza presha, na usipojulikana mapema unaweza kukutia hatarini siku ya kupewa dawa ya usingizi. Andika pia yale yanayokusumbua bila maabara: magoti, kiungulia, hedhi iliyovurugika, mimba isiyoshika. Daktari mzuri hupanga tiba kwa orodha hiyo kuliko kwa mzani. Watu wawili wenye BMI ya 36, mmoja ana kisukari na ini lenye mafuta, mwingine hana kitu: hao hawahitaji tiba moja.

Hatua ya 2: Angalia dawa unazotumia sasa

Hatua hii hurukwa sana. Zipo dawa zinazonenepesha: steroidi kama prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za kisukari kama glibenklamidi, olanzapini na nyingine za magonjwa ya akili, valproati ya kifafa, amitriptilini na mirtazapini za sonona, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Kifafa au sonona iliyorudi ni mbaya kuliko kilo. Peleka orodha yote kwa daktari na uulize, "Katika hizi, ipo inayoweza kubadilishwa?" Mara nyingine jibu ni ndiyo, na kilo kadhaa huondoka bila tiba nyingine.

Hatua ya 3: Chakula na mwendo, kwa matarajio ya kweli

Nitapita haraka hapa, maana umeshahubiriwa vya kutosha. Kupunguza kalori 500 hadi 750 kwa siku, protini ya kutosha, na dakika 150 za mwendo kwa wiki huleta kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito kwa wanaoweza kushikilia. Ni kidogo machoni, ila si kidogo mwilini: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002, mpango uliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito ulipunguza wagonjwa wapya wa kisukari kwa asilimia 58.

Ipo pia njia kali: mlo wa maji maji maalumu wa kalori zipatazo 800 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya daktari. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, karibu nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa wamekaa bila kisukari wala dawa zake baada ya mwaka mmoja. Usiijaribu peke yako kama unatumia insulini au dawa za presha, kwa sababu dozi lazima zipunguzwe siku ya kwanza.

Mazoezi hayapunguzi sana kilo. Kazi yake kubwa ni kulinda msuli na kuzuia uzito usirudi. Kubeba vitu vizito mara mbili kwa wiki kutakuwa na maana zaidi utakapofika kwenye sindano.

Hatua ya 4: Dawa

Dawa hufikiriwa BMI ikifika 30, au 27 pamoja na ugonjwa unaotokana na uzito. Zimegawanyika makundi mawili ambayo hayalingani kabisa kwa nguvu.

Vidonge vya zamani. Orlistati (Xenical) humezwa na mlo wenye mafuta, miligramu 120 mara tatu kwa siku, na huzuia takribani asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe. Mafuta hayo hutoka kwenye haja kubwa, na ukila chipsi utajua mwenyewe: choo cha mafuta, cha haraka, wakati mwingine kisichosubiri. Vitamini A, D, E na K hupungua, kwa hiyo meza vidonge vya vitamini hizo usiku, mbali na orlistati. Fentermini hukata hamu ya kula. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1959 kwa matumizi ya muda mfupi, na haimfai mwenye ugonjwa wa moyo. Ikichanganywa na topiramati hufanya kazi zaidi, ila topiramati huweza kumpa mtoto aliye tumboni mdomo sungura, hivyo uzazi wa mpango ni lazima. Mchanganyiko wa naltreksoni na bupropioni haumfai mwenye kifafa wala presha isiyotulia.

Historia ya vidonge vya kupunguza uzito inatisha, na ni vyema uijue kabla hujaamini kopo lolote la "asili". Fenfluramini iliondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramini iliondolewa 2010 kwa kuleta shambulio la moyo na kiharusi, na hadi leo hukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama majani. Lorkaserini iliondolewa 2020 kwa hofu ya saratani.

Sindano. Hapa ndipo mambo yalipobadilika. Ukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huiambia kongosho itoe insulini, huchelewesha chakula kutoka kwenye mfuko wake, na huuambia ubongo "tosha". Ya asili huisha kwa dakika chache. Mate yenye sumu ya mjusi wa jangwani wa Marekani, Gila, yalikutwa na kitu kinachofanana nayo ila kinadumu, na dawa ya kwanza ya kundi hili ikatoka humo mwaka 2005, kwa ajili ya kisukari. Zilizofuata:

Liraglutidi (Saxenda), sindano ya kila siku, hushusha wastani wa asilimia 8 hivi.
Semaglutidi (Wegovy, Ozempic ni dawa ile ile kwa kisukari), mara moja kwa wiki. Wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68.
Tirzepatidi (Zepbound, Mounjaro), mara moja kwa wiki, huiga homoni mbili. Wastani wa asilimia 15 hadi 20.9 kwa wiki 72, kutegemea dozi.

Huo ni wastani. Wapo wanaopungua robo ya uzito, na wapo ambao mzani hausogei. Semaglutidi ina sifa moja inayozidi kilo: utafiti wa SELECT wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwa watu wanene wenye ugonjwa wa moyo na wasio na kisukari, ilipunguza shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20.

Namna ya kuanza. Dozi hupandishwa polepole, na pupa hapa hulipwa kwa kutapika. Semaglutidi: 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7 na 2.4 mg, kila ngazi wiki nne. Tirzepatidi huanza 2.5 mg na kupanda kwa 2.5 kila baada ya wiki nne au zaidi, mwisho 15 mg. Ukiwa unapungua vizuri kwenye ngazi ya kati, hakuna sheria inayokulazimisha kupanda. Choma chini ya ngozi, kwenye tumbo, paja au nyuma ya mkono wa juu, ukibadilisha mahali kila wiki.

Kichefuchefu, kufunga choo au kuharisha huwapata wengi, zaidi siku chache baada ya kupandisha dozi. Kula kidogo kidogo, acha kula dalili ya kwanza ya shibe inapokuja (tonge moja la ziada ndilo linalotapikwa), epuka vya mafuta, kunywa maji hata bila kiu. Ukitapika siku nzima na mkojo ukawa mchache na mweusi, nenda hospitali. Figo huumia kwa ukavu wa mwili kuliko kwa dawa yenyewe. Maumivu makali ya juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa kongosho iliyovimba: acha dawa, nenda siku hiyo hiyo. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, au macho ya manjano, yanaweza kuwa mawe ya nyongo, ambayo huja na kupungua haraka kwa njia yoyote.

Dawa hizi haziwafai wenye saratani ya tezi ya shingo aina ya medula, wao au ndugu wa damu, wala wajawazito. Semaglutidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Tirzepatidi hupunguza nguvu ya vidonge vya majira, hivyo tumia kondomu pia kwa wiki nne kila unapoanza au kupandisha dozi. Hilo si jambo dogo: mwanamke aliyekuwa hashiki mimba kwa sababu ya uzito anaweza kushangaa mwezi wa tatu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi apunguziwe dozi, asije akazimia kwa sukari kushuka. Na apimwe macho kwanza, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla retina (utando wa nyuma ya jicho) iliyokwisha kuathirika huweza kuharibika zaidi. Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa jino kwa dawa ya usingizi, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba unachoma sindano hizi. Chakula cha jana kinaweza kuwa bado kimo tumboni.

Jipe miezi mitatu kwenye dozi kamili. Kama hata asilimia 5 haijaondoka, dawa hiyo si yako, badilisha.

Sasa lile swali la pili. Walioacha semaglutidi katika utafiti, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza piga hesabu ya miaka, si ya miezi. Kama pesa yako inatosha miezi minne tu, maoni yangu ni kwamba usianze. Hifadhi pesa hiyo, au soma sehemu inayofuata. Na bei ikikusukuma kwa wauzaji wa mtandaoni, kumbuka kwamba Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ndani ya kalamu ya sindano ya bandia kunaweza kuwa na insulini, na insulini kwa asiyeihitaji huua.

Hatua ya 5: Upasuaji

Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa ule wa Marekani wa 1991: BMI 40, au 35 pamoja na ugonjwa. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha: 35 kwa yeyote, na 30 hadi 34.9 kwa mwenye kisukari au magonjwa ya aina hiyo. Mtu wetu wa kilo 98 sasa anahesabiwa. Nchi na bima nyingi bado hufuata ule wa zamani, uliza kabla ya kukata tamaa.

Watu huona upasuaji kama kufunga mdomo kwa nguvu. Sivyo ulivyo. Ukubwa wa mfuko ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni homoni. Ghrelini hushuka, GLP-1 yako mwenyewe hupanda sana baada ya kila mlo, na kwa wengi sukari hutulia ndani ya siku, kabla kilo hazijaondoka. Ndiyo maana matokeo hukaa: kati ya asilimia 25 na 30 ya uzito wote, sehemu kubwa ikiwa bado ipo miaka kumi baadaye.

Mbili ndizo hufanywa zaidi, karibu zote kwa matundu madogo na kamera.

Kupunguza mfuko. Asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa nje, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo hauguswi. Ni rahisi zaidi kwa daktari, na upungufu wa vitamini ni mdogo. Hasara yake ni kiungulia, kinachoweza kuanza au kuzidi. Na kilichokatwa hakirudishwi.

Mchepuko. Edward Mason wa Iowa aliuanzisha miaka ya 1960. Kifuko kidogo cha mililita 30 hivi hutengenezwa juu na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinapita njia mpya, mfuko mkubwa unabaki bila kazi. Humfaa zaidi mwenye kisukari cha muda mrefu au kiungulia kikali. Hasara: vitamini hukosekana zaidi, vidonda hutokea kwenye maungio (wavutaji sigara na wanywaji wa diklofenaki na ibuprofeni hasa), na utumbo huweza kujisokota ndani hata miaka baadaye.

Mchepuko wa maungio mamoja ni ndugu yake, mfupi zaidi. Upo mwingine mkubwa unaoruka sehemu ndefu ya utumbo. Una nguvu kuliko yote na upungufu wa lishe kuliko yote, nao huachiwa wenye uzito mkubwa sana. Mkanda wa kubana mfuko karibu umeachwa, kwa kuwa wengi waliishia kuutoa. Puto la kuwekwa ndani ya mfuko wa chakula kwa kamera hukaa miezi sita hivi, na uzito hurudi likitoka. Mimi nalihesabu kama maandalizi kwa mnene sana kabla ya upasuaji wenyewe, si tiba.

Hatari ya kufa ndani ya siku 30 kwenye vituo vyenye uzoefu ni takribani mtu 1 kwa 1,000, sawa na kutolewa kifuko cha nyongo. Maneno "vituo vyenye uzoefu" ndiyo uzito wote wa sentensi hiyo. Muulize daktari bila haya: umefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka jana? Wangapi mishono yao ilivuja? Usiku wa pili nikizidiwa, nani yupo? Nikiwa nimesafiri kuja kwako, nyumbani atanifuatilia nani? Anayekasirika kwa maswali hayo amekujibu.

Hatua ya 6: Kabla ya kisu

Acha sigara, angalau wiki sita kabla. Mnapozungumza na mtaalamu wa saikolojia, sema kweli kuhusu pombe na kula kwa siri usiku; hayupo kukukatalia, yupo kwa sababu pombe huingia kichwani kwa kasi zaidi baada ya upasuaji na baadhi huangukia humo. Utapimwa tumbo kwa kamera, utatibiwa bakteria wa vidonda vya tumbo wakikutwa, na utaongezewa madini ya chuma na vitamini D kama yamepungua. Wiki mbili za mwisho huwa mlo wa wanga na mafuta kidogo sana. Lengo lake ni ini: lenye mafuta huvimba na kumzibia daktari njia, na likisinyaa upasuaji huwa mfupi na salama.

Hatua ya 7: Baada ya kisu

Siku mbili hivi wodini, na unatembea siku hiyo hiyo ili damu isigande miguuni. Wiki mbili za vimiminika, mbili za vilivyosagwa, mbili za vyakula laini, kisha polepole vya kawaida. Maji lita moja na nusu kwa siku, kwa kumumunya. Usinywe na chakula. Ngoja nusu saa. Protini gramu 60 hadi 80, na iliwe kwanza kabla ya wanga.

Mapigo ya moyo yakizidi 120 ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo au ya bega yanayozidi: maungio yanaweza kuwa yanavuja. Pumzi ikibana ghafla au mguu mmoja ukivimba, linaweza kuwa bonge la damu. Usipige simu kuuliza kama uende. Nenda. Mwenye mchepuko akisokotwa vibaya tumboni, hata mwaka wa nne, aseme mlangoni kwamba alifanyiwa mchepuko.

Sukari ya haraka baada ya mchepuko huweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Haiui, na wengi huacha soda kwa somo moja tu. Nywele hupukutika mwezi wa tatu hadi wa sita na kwa kawaida huota tena. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya majira visitegemewe baada ya mchepuko.

Vitamini ni za maisha: ya jumla, B12, D, chuma, na kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikipishana na chuma kwa saa mbili. Vipimo vya damu kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka. Anayetapika kwa wiki nzima apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Bila hiyo ubongo huweza kuharibika kwa siku chache. Andika hilo kwenye karatasi na uiweke pochini, kwa sababu utakayemkuta zamu usiku huenda hajawahi kuona mgonjwa wa aina yako.

Hatua ya 8: Uzito ukirudi

Kwa wengi uzito hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na 24, kisha hupanda kidogo. Kilo chache ni kawaida. Zikiongezeka zaidi, usijifiche. Aibu huwaweka watu mbali na kliniki kwa miaka. Daktari ataangalia kama mfuko umetanuka, kama kuna dawa mpya inayonenepesha, kama soda na pombe vimerudi. Sindano zinaweza kuongezwa juu ya upasuaji, na zinafanya kazi. Aliyepunguziwa mfuko anaweza kugeuzwa kuwa mchepuko, hasa kiungulia kikiwa kimemshinda. Na anayetumia sindano peke yake ambaye zimefika kikomo anaweza kurudi hatua ya 5, akiwa na kilo pungufu na ini dogo.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, na uweke kikomo chako mwenyewe kwa maandishi: kilo 3 juu ya uzito wa chini kabisa, kwa mfano. Kikifika, piga simu kliniki wiki hiyo.